UZI: Alama ya ari ya wafanyakazi imeshuka kutoka 68 hadi 61. Tuanzie wapi kurekebisha?

NyarWinam (Kisumu) · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Hamjambo wadau. Ni kiwanda cha minofu ya samaki aina ya mbuta hapa Kisumu, watu 140. Tumemaliza hojaji ya ari ya kazi: maswali 32, kipimo cha 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Swali kuu ni "Ningemshauri rafiki yangu aje afanye kazi hapa". Waliotia 4 au 5 ni asilimia 61. Mwaka jana walikuwa 68.

Mkurugenzi ameangalia hizo namba mbili tu, akasema watu wamechoka, tuwapeleke Naivasha siku moja, michezo, nyama choma na fulana. Bajeti ameshapitisha. Kabla sijaagiza fulana 140, naomba macho ya wanaojua kazi hii. Namba nimezisogeza kidogo ili kiwanda kisitambulike, ila picha ni ileile.

MizaniSawa (Nakuru) · saa 3:42 asubuhi

Fulana zingoje kwanza. Tuwekee hapa kila idara ina watu wangapi, waliojibu wangapi, na kati yao waliotia 4 au 5 ni wangapi. Tupe vichwa, usitupe asilimia. Na za mwaka jana, hata kama umebaki nazo nusunusu.

NyarWinam · saa 4:25 asubuhi

Haya. Idara, watu wote, waliojibu, waliokubali swali kuu:

Mapokezi ya samaki: 16, 11, 7
Kukata minofu: 58, 24, 8
Ufungaji na vyumba vya baridi: 30, 21, 14
Ubora na maabara: 9, 8, 7
Karakana: 11, 8, 5
Ofisi: 16, 12, 10

Jumla 140, 84, 51. Mwaka jana walijibu 76, wakakubali 52. Nimebakiwa na mgawanyo mmoja tu: wakataji waliojibu walikuwa 10, waliokubali 3.

MizaniSawa · saa 5:05 asubuhi

Huo mgawanyo mmoja uliobaki ndio wenye jibu. Toa wakataji pembeni kwanza.

Mwaka jana, wasio wakataji: 49 kati ya 66, asilimia 74. Mwaka huu: 43 kati ya 60, asilimia 72. Wakataji mwaka jana: 3 kati ya 10, asilimia 30. Mwaka huu: 8 kati ya 24, asilimia 33.

Kundi moja limeteremka kama pointi 2 na nusu, lingine limepanda 3. Kwa idadi hizi yote mawili ni kutikisika tu kwa namba. Sasa jumla imeshukaje karibu pointi 8 (68.4 hadi 60.7)? Ni kwa sababu mwaka jana wakataji walikuwa 10 kati ya 76, na mwaka huu ni 24 kati ya 84. Watu wenye alama ya chini wameongezeka ndani ya chungu, sio kwamba chungu kimeharibika. Ukitaka kuhakikisha, chukua viwango vya mwaka huu uvitie kwenye idadi za mwaka jana: (10 × 0.333) + (66 × 0.717), gawa kwa 76. Utapata kama 66.6. Yaani pointi 6 kati ya hizo karibu 8 zimetokana na nani kajibu. Waliobadili mawazo hawafiki pointi 2.

Hiyo 61 yenyewe haimwelezi mtu yeyote hapo kiwandani. Kuna kiwanda cha 72 na kiwanda cha 33, vimepanga chini ya paa moja.

MtuWaMumias · saa 5:30 asubuhi

Kwa hiyo NyarWinam aende amwambie bosi kwamba kushuka ni habari njema? Nani atakubali hiyo?

MizaniSawa · saa 5:38 asubuhi

Sio njema wala mbaya. Amwambie hivi: mwaka jana tuliwasikia wakataji 10, mwaka huu 24, na wanasema kilekile. Tatizo lilikuwepo, ila halikuwa na karatasi ya kuandikwa.

Na bado namba ya jumla inapendelea. Wakataji ni 58 kati ya 140, asilimia 41 ya kiwanda, lakini kwenye majibu ni asilimia 29. Sahihisha uzito: asilimia ya kila idara zidisha na watu wake wote, jumlisha, gawa kwa 140. Inatoka 55. Hiyo 55 imechukulia kwamba mkataji aliyenyamaza anawaza kama aliyejibu, jambo ambalo huna uhakika nalo.

FundiHojaji (Kakamega) · saa 6:15 mchana

NyarWinam, hojaji iliwafikiaje wakataji? Waliojibu ni asilimia 41 kwenye idara moja wakati nyingine zote ziko 69 kwenda juu, hapo kuna kizingiti. Mwaka jana ilikuwaje?

NyarWinam · saa 7:02 mchana

Mwaka jana ilikuwa linki ya WhatsApp pekee. Mwaka huu linki, pamoja na karatasi na sanduku karibu na pa kubadilishia nguo. Kati ya wakataji 24, karatasi ni 19.

FundiHojaji · saa 7:40 mchana

Basi kizingiti ni hiki. Mkataji haruhusiwi simu kwenye ukumbi kwa sababu ya usafi. Mikono ina glavu ya chuma, juu yake ya mpira, na yote imelowa. Linki ikifika saa 4 asubuhi ataiona jioni akiwa kwenye matatu ya kurudi Nyalenda au Manyatta, kwa bando lake mwenyewe. Nani ataijibu?

Halafu swali la pesa. Wanalipwa kwa siku au kwa kilo?

NyarWinam · saa 7:44 mchana

Kwa kilo, na kiwango cha chini cha siku.

FundiHojaji · saa 7:58 mchana

Umeona. Maswali 32 kwenye karatasi ni dakika 15 hadi 20, na kwa mtu wa kilo dakika hizo ni samaki aliyekatwa na mwenzake. Watu wa ofisi wamejaza wakilipwa. Wakataji umewaomba wajaze kwa hasara, halafu tunashangaa wamenyamaza. Mzunguko ujao walipwe nusu saa kwa wastani wa kilo zao za wiki mbili zilizopita, wajaze kwa makundi kabla ya gari la samaki kufika, msimamizi akiwa nje ya chumba. Na maswali yapungue. 32 ni mengi kwa mtu aliyesimama tangu alfajiri. 15 yanatosha, ukibakiza yaleyale ya mwaka huu bila kubadili hata neno, la sivyo utapoteza ulinganisho.

Niongeze la lugha. Angalia maswali yenye kukanusha. "Sijawahi kufikiria kuacha kazi hapa": mtu anayefikiria kuacha inabidi ajibu "sikubali", yaani anakanusha kilichokanushwa. Kwa Kiswahili hapo watu wengi huteleza, tena sio kwa kutosoma. Na lile la "Msimamizi wangu ananisikiliza na kunitendea haki" ni maswali mawili ndani ya gunia moja. Anayesikilizwa lakini akanyimwa zamu nzuri atie ngapi? Atatia 3, na hiyo 3 haina maana yoyote.

BabaTakwimu (Eldoret) · saa 9:20 alasiri

Nakubaliana na MizaniSawa, ila tuwekeane mipaka kabla mtu hajajenga ghorofa juu ya vichwa 8.

Kwa 84 waliojibu kati ya 140, asilimia 61 ina ukingo wa kama pointi 7 juu na 7 chini, yaani namba halisi inaweza kupotoka kiasi hicho kwa bahati tu. Nimeshapunguza kwa sababu zaidi ya nusu ya watu wote wamejibu. Kanuni ya kawaida isiyojali ukubwa wa kiwanda ingekupa 10 na nusu. Ila ukingo huo ni halali kama wasiojibu ni wa bahati nasibu tu, na FundiHojaji ameonyesha kwamba sio. Kwa hiyo fanya pia hesabu ya mkia na kichwa: wasiojibu 56 wangekataa wote, 51 gawa kwa 140 ni asilimia 36. Wangekubali wote, 107 gawa kwa 140 ni 76. Ukweli umekaa mahali fulani kati ya 36 na 76. Mpe mkurugenzi hizo namba mbili uone kama atataka bado kuzungumzia kushuka kwa pointi 7.

Karakana na ubora, mtu mmoja ni pointi 12.5. Karakana ikitoka 5 kati ya 8 kwenda 4 kati ya 8, utasikia "karakana imeporomoka hadi 50" na kumbe ni fundi mmoja aliyeamka vibaya.

Tena maswali 32 kwa idara 6 ni visanduku 192. Ukipaka rangi nyekundu kila kinachovuka kipimo cha kawaida cha asilimia 5 (tofauti ambayo bahati tupu huileta mara 5 tu kwa 100), karibu 10 vitakuwa vyekundu kwa bahati tu, hata kama idara zote zinafanana kabisa. Pengo la wakataji na wengine kwenye swali kuu ni pointi 38, ukingo wake ni kama 22. Hilo linasimama. Mengine yasubiri.

MtuWaMumias · saa 10:05 jioni

Kuna watu wanapenda ile alama ya 0 hadi 10, anayetia 9 au 10 ndiye "mpenzi", 0 hadi 6 "mpinzani". Ingerahisisha?

BabaTakwimu · saa 10:11 jioni

Ilibuniwa kwa wateja, ikatangazwa 2003, baadaye ikahamishiwa wafanyakazi. Kwa mtu aliyesoma shule zetu 7 kwa 10 ni alama ya kujivunia, na 6 amepita. Kipimo hicho kitamwita wa 6 mpinzani na wa 7 kitamtupa nje ya hesabu. Baki na 1 hadi 5.

SiriYaKaratasi (Kisumu) · saa 1:30 usiku

Samahani nachelewa, lakini nimeshtuka kidogo. NyarWinam, hapo juu umetoa idara zenye majibu 8. Hapa hatujui kiwanda, sawa. Ndani ya kiwanda usifanye hivyo.

Wengi hutumia sheria ya 5: kundi lenye majibu chini ya 5 halionyeshwi. Mimi kwenye kiwanda kidogo ningeweka 8 au 10. Lakini kuficha kisanduku kimoja hakutoshi. Ukionyesha karakana nzima ina majibu 8, kisha ukaonyesha wanaume 7, yule mwanamke mmoja umemvua nguo mbele ya watu. Mtu anatoa tu 7 kwenye 8. Ukificha kimoja ficha na cha pili kinachokikamilisha, au acha kabisa kukata kwa jinsia kwenye idara ndogo. Karakana na ubora ziunganishe ziwe kundi moja la 16.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka kabila, hali ya afya, hali ya ndoa, hata jinsia kwenye fungu la data nyeti. Kama huna matumizi ya kujua mtu ameoa au hajaoa, usiulize. Kabila usiguse kabisa. Nimesikia sababu zote za "tunataka kupima usawa" na sijaona moja inayostahili hatari yake kwenye hojaji ya watu 140.

Mambo madogo yanayofichua watu, kagua usiku huu:

Ile safu ya saa ya kujibu. Fomu za Google huiweka zenyewe. Jibu la saa 8:47 usiku ni la mlinzi wa chumba cha baridi, kila mtu anajua. Ifute kabla faili haijatoka mikononi mwako. KoboToolbox, chombo kingine cha hojaji, nayo inaweza kurekodi saa ya kuanza, ya kumaliza na namba ya kifaa. Zizime kabla ya kutuma, maana baadaye zitakuwa zimeshaingia.

Ile hiari ya "jibu moja kwa mtu mmoja" humlazimu mtu aingie na akaunti yake. Hata kama wewe huoni barua pepe yake, yeye anaiona juu ya fomu, na hapohapo ukweli unaisha.

Mwandiko. Karatasi 19 za wakataji zichapwe na mtu asiyefanya kazi hapo, zichanganywe, halafu karatasi zenyewe ziharibiwe tarehe mliyowaahidi. Na maoni yaliyoandikwa kwa lugha ambayo wanaoijua idarani ni watu wawili, yatafsiriwe kwa Kiswahili kabla hayajaonyeshwa kwa msimamizi.

NyarWinam · saa 2:15 usiku

Safu ya saa ilikuwepo. Nimeifuta. Erokamano.

Nimekokotoa korelesheni ya kila swali na swali kuu, yaani majibu yao yanafuatana kiasi gani, 0 hayafuatani, 1 yanafuatana kabisa. Juu kabisa ni "Najivunia kiwanda hiki", 0.71. Inayofuata, "Nimeridhika na kazi yangu", 0.68. Kwa hiyo tuongeze fahari?

BabaTakwimu · saa 2:40 usiku

Hapana! Hayo ni swali kuu lilelile limevaa kofia nyingine. Anayempendekezea rafiki lazima anajivunia. Ni kama kugundua kwamba joto la maji limefuatana na moto wa maji. Ondoa maswali yote ya hisia za jumla. Baki na yale ambayo mtu anaweza kuamka kesho akayabadilisha: vifaa, malipo, zamu, msimamizi, mafunzo, taarifa.

Kisha kuna mtego mkubwa zaidi. Wakataji wako chini karibu kwenye kila kitu. Ukichanganya watu wote 84, kila swali ambalo wakataji wametia chini litaonekana "linasababisha" ari, hata chakula cha mchana. Hesabu ndani ya wakataji peke yao, na ndani ya wengine peke yao. Kwa wakataji 24, korelesheni ya chini ya 0.40 usiisemee. Kwa 84 mpaka ni kama 0.22. Tumia korelesheni ya Spearman, inayoangalia mpangilio tu, maana 1 hadi 5 ni madaraja, hatujui kama hatua kati ya 2 na 3 ni sawa na kati ya 4 na 5.

Na hata ikitoka 0.60, haijakwambia kipi kimezaa kipi.

NyarWinam · saa 3:20 usiku

Ndani ya wakataji, baada ya kutoa ya jumla, limebaki moja tu juu ya 0.40: swali la 9, "Naelewa jinsi malipo yangu yanavyohesabiwa", 0.52. Waliokubali ni 5 kati ya 24. Idara nyingine, 41 kati ya 60.

Ajabu ni kwamba "Nimeridhika na kiasi ninacholipwa" iko chini kila mahali, hata ofisini. Na kwenye maoni watu wameandika "mshahara umepunguzwa", wakati hakuna aliyepunguzwa hata shilingi.

HatiYaMshahara (Nakuru) · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Kwa macho ya anayepokea, umepunguzwa. Mtu wa Sh30,000 kwa mwezi: hadi Januari 2023 wengi walikuwa wakikatwa NSSF (akiba ya uzeeni) Sh200, na NHIF (bima ya afya ya zamani) Sh900. Leo NSSF ni asilimia 6, Sh1,800. SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, Sh825. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh450. PAYE yake, kodi ya mshahara, imeteremka, maana tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo mawili ya mwisho nayo huondolewa kabla ya kodi. Ukipiga yote, alikuwa akibaki na karibu Sh27,585, leo anabaki na Sh26,194 hivi. Karibu Sh1,400 zimeondoka na mwajiri hajagusa kitu.

Ndio maana swali la kuridhika na kiasi haliwezi kukuongoza. Liko chini kwa sababu ambazo nyingine haziko mikononi mwenu. Swali la 9 ndilo lenye mpini. Chukueni hati moja ya mfano, isiyo ya mtu, iandikeni kubwa kwenye bango: hiki kimeenda NSSF na mwajiri ameongeza kiasi hikihiki, hiki SHIF, hiki nyumba. Dakika 20 kwa kila zamu, mhasibu mwenyewe asimame ajibu, wasimtume karani.

Lakini kwa wakataji sidhani ni makato. 5 kati ya 24 ni chini mno. Kilo zao zinapimwaje?

NyarWinam · saa 2:05 asubuhi

Beseni la minofu linapelekwa kwenye mizani mwisho wa meza. Karani anasoma, anaandika kwenye daftari. Jumla mkataji anaiona Jumamosi.

HatiYaMshahara · saa 2:11 asubuhi

Uso wa mizani unaangalia upande gani?

NyarWinam · saa 2:50 asubuhi

Nimeshuka kuangalia. Unamwangalia karani. Mkataji akisimama mahali pake anaona waya na mgongo wa mizani.

HatiYaMshahara · saa 2:58 asubuhi

Haya basi. Mtu analipwa kwa namba asiyoiona, inaandikwa kwenye daftari lisilo lake, anaambiwa Jumamosi.

Geuzeni mizani, au nunueni kionyeshi cha pili kinachoning'inia juu. Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kunakili: namba ya mkataji, saa, kilo, uzito wa beseni tupu uliotolewa. Nakala aingize mfukoni ndani ya kijifuko cha plastiki, maana eproni imelowa. Kila asubuhi kabla ya beseni la kwanza, wekeni jiwe la kilo 5 juu ya mizani mbele ya wakataji wawili wanaobadilishana kila wiki, nao watie sahihi. Mabeseni yote yapimwe upya yakiwa matupu na yameloa, sio makavu. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa gramu huanzia.

FundiHojaji · saa 4:10 asubuhi

Kabla hamjanunua kitu, someni maoni yao. Wakataji wangapi wameandika, na umeyapangaje?

NyarWinam · saa 4:35 asubuhi

17 kati ya 24. Nimehesabu maneno: "pesa" mara 31.

FundiHojaji · saa 5:00 asubuhi

Usihesabu maneno. Mtu mmoja mwenye hasira anaandika pesa mara sita. Hesabu watu. Soma yote 17 mara moja bila kalamu. Soma tena ukitia alama fupi za mada, na jibu moja linaweza kubeba mbili au tatu. Mpe mwenzako asiyeona alama zako atie zake, mlinganishe. Mnapotofautiana sana, mada haijafafanuliwa. Andika upya maana yake kwa sentensi moja.

"Pesa" sio mada. Kuna pesa ya kilo kutoaminika, pesa ya kukaa bure, pesa ya kuchelewa kulipwa. Kila moja ina dawa yake.

Na kama kuna anayedai kudhalilishwa kijinsia au kupigwa, hilo halingoji jedwali la mada. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya kushughulikia udhalilishaji wa kijinsia. Tangazeni njia ya kulalamika kwa wote leo, bila kutaja kwamba limetoka kwenye hojaji, na msianze kumsaka aliyeandika.

NyarWinam · saa 10:30 jioni

Tumerudia, watu wawili. Wakataji 17 walioandika: mizani na kilo 9, visu butu na foleni ya kunolewa 7, kusubiri gari la samaki bila malipo 6, gambuti zinazovuja 3. Hakuna udhalilishaji. Hakuna aliyeandika Naivasha.

Jingine, la aibu. Swali la 14, "Watu hupandishwa cheo kwa haki", lilikuwa asilimia 71, tukafurahi. Nimegundua "sijui" niliiweka 9, na fomula yangu ilihesabu chochote cha 4 kwenda juu. "Sijui" zilikuwa 26.

BabaTakwimu · saa 10:48 jioni

Hahaa, 9 imewazika wengi. Kata juu na chini:

=COUNTIFS(P:P,">=4",P:P,"<=5")/COUNTIFS(P:P,">=1",P:P,"<=5")

60 toa 26 ni 34, kati ya 58. Asilimia 59. Na hizo 26 usizitupe. Watu 26 kati ya 84 hawajui cheo hupatikanaje. Kwangu hilo lina uzito kuliko 59 yenyewe. Kagua maswali mengine 31 kwa fomula hiyohiyo usiku huu. Swali ambalo kukubali ni kulalamika ligeuze kwanza: 6 toa jibu.

MizaniSawa · saa 11:15 jioni

Sasa hatua. Mbili, isizidi tatu. Mizani na visu ni za wiki chache na gharama ndogo. Kusubiri gari ni la pesa kubwa. Msiahidi, pimeni kwanza. Kwa wiki nne karani wa lango aandike saa ya wakataji kuingia, saa ya gari, saa ya samaki wa kwanza kufika mezani. Hapo mkurugenzi atapata hesabu ya dakika, sio malalamiko.

Kabla ya kununua, keti na wakataji 6 hadi 8, saa moja inayolipwa, bila msimamizi, chini ya mtu wasiyemwogopa. Swali ni moja: tukigeuza mizani na kutoa risiti, ni nini bado kitawasumbua? Watawaambia jambo ambalo hata sisi hapa hatujaliona.

Visu: kila mkataji awe na viwili vyenye namba yake, kimoja mezani, kimoja kwa mnoaji. Abadilishane, asipange foleni. Mnoaji aanze saa moja kabla ya zamu. Pimeni dakika za kusubiri kisu, wiki moja kabla na wiki moja baada. Usingoje hojaji ya mwakani ikwambie kama kisu kimenolewa.

NyarWinam · Jumatano, saa 3:00 asubuhi

Nimeonana na mkurugenzi na lile jedwali la 72 na 33. Fulana zimesimama. Nimekaa na wakataji 7 pia: wamesema risiti iwe na jina la karani, kwa sababu makarani ni wawili na hawaaminiki sawa. Hilo kweli hatukuliona.

Tangazo la ubaoni ni hili, lisahihisheni:

"Asanteni watu 84 mliojibu. Wakataji wengi mmesema hamwelewi kilo zenu zinavyohesabiwa, na visu vinawachelewesha. Mizani itageuzwa na kila beseni litakuwa na risiti yenye jina la karani. Kila mkataji atapewa kisu cha pili. Kuhusu kusubiri gari la samaki, tutajitahidi kuliangalia."

SiriYaKaratasi · saa 3:20 asubuhi

"Wakataji wengi" iwe "baadhi yenu". Walioandika kuhusu mizani ni 9, msimamizi akianza kuwatafuta 9 ni wachache.

FundiHojaji · saa 3:26 asubuhi

Mizani na visu havina tarehe wala mwenye kazi. Weka siku na cheo: meneja wa uzalishaji, mkuu wa karakana. "Tutajitahidi kuliangalia" futa. Andika: "Kuanzia Jumatatu tunaandika saa za kusubiri kwa wiki nne. Matokeo yatabandikwa hapa, hata kama jibu ni hapana."

NyarWinam · saa 3:41 asubuhi

Nimebadilisha. Linabandikwa mchana, moja karibu na pa kubadilishia nguo, moja juu ya mizani.

HatiYaMshahara · saa 3:44 asubuhi

La mizani libandike upande wa mkataji.